Mafuta Yasiyo na Karatasi

Sabuni niliijua kabla sijajua kusoma. Mama yangu aliipika nyuma ya nyumba yetu kule Kadutu, Bukavu, upande wa Kongo, na sisi watoto tulikatazwa kusogelea sufuria, kwa sababu soda kostike haina utani. Tone moja likikurukia linakula nyama. Wazazi wangu walivuka mto Rusizi kutoka Rwanda wakiwa vijana, wakikimbia, na katika Bukavu yote hawakupata mtu wa kuwapa kazi bila kuwauliza karatasi. Karatasi hawakuwa nazo. Mama akajifunza kazi ambayo haiulizi mtu ametoka wapi. Mwenye nguo chafu haulizi aliyepika sabuni ni kabila gani.

Tulirudi Rwanda baada ya yale mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Nasema tulirudi, ingawa mimi nilikuwa sijawahi kuishi huko hata siku moja. Nilikuja na mume wangu na watoto wetu, tukapanga vyumba viwili Kamembe, mji unaotazamana na Bukavu, nyuma ya duka la mzee mmoja Mwislamu ambaye familia yake iliishi mji ule tangu enzi za Wabelgiji. Aliuza misumari, kamba, betri na vitambaa, na wanawe walikuwa mafundi cherehani. Watu waliotukuta pale walitupachika jina. Sisi tuliotoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, tuliitwa watu wa Dubai, kwa sababu bidhaa za Dubai zinang'aa dukani na hazidumu nyumbani. Nilicheka nilipolisikia mara ya kwanza. Baadaye sikucheka.

Mji ulikuwa hauna sabuni. Maduka mengi yalikuwa matupu, mengine hayana hata milango. Watu walifua kwa majivu na majani ya mpapai. Siku moja mke wa yule mzee aliniona nikisugua shati la mume wangu kwa majivu, nikamwambia kwamba mama yangu angelia kuniona, maana yeye alikuwa mpika sabuni. Kesho yake mzee aliniita dukani. Alikuwa na pipa la chuma lililokatwa katikati, na nyuma ya magunia alikuwa na soda kostike aliyoificha tangu kabla ya vita.

"Maman," aliniambia, "pipa ni langu, kazi ni yako. Mimi unipe sabuni ya kuuza dukani, inayobaki uza unapotaka. Siku tukichoka, kila mtu anachukua chake."

Shahidi wetu alikuwa mke wake, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni. Alinyanyua kichwa, akasema Mungu asaidie, akarudi kwenye mchele wake. Huo ndio ulikuwa mkataba wetu, na katika miaka yote tuliyofanya kazi hivyo sikumbuki tulitofautiana hata kwa mche mmoja.

Mafuta ya mawese yalikuwa upande wa pili wa mto. Wakati huo Bukavu ilijaa wakimbizi na wanajeshi wa Rwanda walioshindwa, wengi wao waliofanya mauaji yale, na mtu mwenye sura kama yangu hakuwa na sababu ya kuvuka daraja. Lakini nilikuwa na rafiki kule, mwanamke wa kabila la Washi, jirani yetu wa Kadutu. Tulikuwa tumecheza pamoja, tumeolewa mwaka mmoja, na kwa muda mrefu tulikuwa kwenye likelemba moja, ule mchezo wa akina mama wa kuchangishana na kupokezana kwa zamu. Ukikaa na mtu kwenye likelemba unamjua kuliko kasisi anayemuungamisha. Rafiki yangu hakuwahi kuchelewesha zamu ya mtu, hata mwaka ambao mtoto wake alilazwa hospitali.

Nilimtumia salamu kwa mwanamke mmoja muuza mihogo. Juma lililofuata rafiki yangu alitokea darajani na bidoni mbili za njano, yale madumu ya plastiki, moja kichwani na moja mgongoni. Tulikumbatiana pale pale mbele ya askari wa forodha, mafuta yakamwagika kidogo kwenye kitenge changu. Hakutaka nilipe siku ile. Alisema nipike kwanza, nione kama Rwanda wanajua kuoga.

Basi nikapika. Ukishayachemsha mawese hadi rangi nyekundu ikimbie, ukamwaga maji ya soda polepole huku unakoroga upande mmoja, harufu yake inakuwa ya nyumbani. Angalau kwangu mimi. Watu walinunua kabla sabuni haijakauka vizuri. Wachuuzi walikuja kutoka Nkungu, wengine Rwimbogo, wengine Butare, wakishuka na maharage na ndizi siku ya soko na kupanda na sabuni yangu kwenye vikapu.

Kazi ilipozidi nikachukua wanawake wawili wanisaidie. Mmoja alikuwa mjane, watu wake wote waliuawa. Wa pili mume wake alikuwa gerezani akishitakiwa kwa mauaji hayo hayo. Sikuwachagua hivyo kwa makusudi. Walikuja kuomba kazi siku mbalimbali, nami sikuuliza, kama mama yangu ambavyo hakuulizwa na wateja wake. Nilipojua, nilifikiri mmoja ataondoka. Hawakuondoka. Kwa miezi mingi hawakusemezana, ila pipa likijaa mwiko hauendi kwa mikono ya mtu mmoja, ikabidi waushike pamoja. Siku moja nilimsikia mjane akimwambia mwenzake asogee, moshi utamharibu macho. Niliendelea kukata miche.

Vita vya kwanza vya Kongo vilipoanza, mpaka ulifungwa na mizinga ikasikika hadi kwetu. Nilimwambia mzee kazi imekwisha. Nilikuwa nimeshampa rafiki yangu fedha za mafuta ambayo sijayapokea, na nyumba nyingi za Kadutu ziliporwa. Mzee alinijibu tungoje. Mpaka ulipofunguliwa, rafiki yangu alikuja akiwa amekonda, na bidoni zangu zote, zimejaa udongo. Alikuwa amezizika chini ya migomba yake. Waporaji walichukua godoro lake, masufuria na hata mlango, lakini mafuta ya mwenziwe hawakuyaona.

Vikaja vita vya pili, na hivyo vilikuwa vibaya zaidi kwa namna nyingine. Sasa askari wa kwetu walikuwa kule, mume wangu akiwa mmoja wao, na watu wa Bukavu walituchukia. Siwalaumu, lakini kuchukiwa ni kuchukiwa. Rafiki yangu alitukanwa njiani. Walimwita mwanamke wa Banyarwanda, na siku moja vijana walimtemea mate hadi kwenye bidoni. Aliniambia hayo huku akifuta kifuniko kwa pindo la kitenge, kama mtu anayesimulia kwamba mvua ilimnyeshea. Nilimuuliza kwa nini asiache. Akasema yeye anauza mafuta, siasa wauze wenye kuiuza.

Nayaeleza haya ili msomaji aelewe tulikuwa na nini. Hatukuwa na leseni, wala benki, wala mwanasheria. Tulikuwa na mzee, mafuta, wanawake wawili na neno. Vita viwili vilipita juu ya biashara ile na haikuvunjika.

Aliyeivunja alikuja na tabasamu, na nia yake ilikuwa njema.

Konseye wa sekta yetu, yaani kiongozi wa serikali pale mtaani, alinitembelea asubuhi moja, akasimama uani akitazama mapipa. Kwa miaka nilimchukia mtu yule. Sasa siwezi tena, maana alikuwa akifanya kazi yake. Aliisifu sabuni, akaniambia mkewe hatumii nyingine. Kisha akaniambia mambo mawili. La kwanza, kazi kama hii haiwezi kuendelea bila kibali, na mwanamke mwenye mume hapewi kibali cha biashara mpaka mume aidhinishe. La pili, kuna shirika la wazungu linatafuta miradi ya kusaidia, lina mashine na matofali, ila halimsaidii mtu mmoja mmoja. Linasaidia vyama.

Nilimwambia mume wangu yuko vitani, hata sijui yuko msitu gani. Konseye alifikiri, akasema basi kaka yake mkubwa anaweza kusaini kwa niaba ya ukoo. Tena itafaa, kwa kuwa chama kinahitaji mtu anayeandika Kifaransa.

Shemeji yangu alikuwa ametangulia kurudi kuliko sisi, alikuwa na shamba Nkungu na aliwahi kuwa karani. Hakuwa mtu mbaya kwangu. Mume wangu alipoondoka, yeye ndiye aliyetuletea maziwa na mara nyingine viazi. Jumapili moja baada ya misa ukoo ulikutana nyumbani kwake, wakazungumza juu ya sabuni yangu kwa adabu kubwa, nami nikihudumia soda za chupa na mandazi. Waliamua kwamba mwanamke ambaye mume wake hayupo yuko mikononi mwa shemeji, na kwamba yeye atasaini na atakuwa rais wa chama. Mama mkwe aliniambia nishukuru. Nilishukuru. Wakati ule niliona ni njia ya kuvuka tu. Upande wa pili ningeendelea na kazi yangu kama kawaida.

Chama kilihitaji wanachama, tena wa aina fulani. Shirika lilitaka wajane na wakimbizi waliorudi. Mjane wangu alifaa. Mimi nilifaa. Yule mwenye mume gerezani hakufaa, kwa sababu hakuwa mjane na hakuwa ametoka ng'ambo; fomu haikuwa na sehemu yake. Waliletwa wanawake wengine ambao sikuwahi kuwaona wakigusa mwiko, wengi wao majirani wa konseye na ndugu wa shemeji. Siku niliyomwambia yule mama kwamba hayumo, hakulia. Alifungua kitambaa cha kazi alichojifunga kiunoni, akakikunja, akaniachia juu ya jiwe. Mjane alisimama pale pale na mwiko mkononi, akamtazama hadi alipopotea njiani. Kisha akaniuliza nani sasa atashika upande wa pili.

Jengo lilijengwa kwa matofali, kando ya barabara, na kibao cha Kifaransa juu ya mlango. Mashine ya kukoroga ililetwa kwa lori. Tulipiga picha na wazungu. Shemeji alitoa hotuba nzuri, na kwa kweli nilijivuna siku ile, sitasema uongo. Sheria za chama zilisomwa, tukapiga makofi kila kipengele. Kimoja kilisema kila kitu mwanachama atakachoingiza kitakuwa mali ya chama. Nilipiga makofi hapo pia.

Mapipa yalipaswa kuhamishwa kwenda kwenye jengo. Mzee alisita. Nilimwambia ni kuhama tu, kazi ni ile ile na yeye atapata sabuni yake kama zamani.

"Maman," alisema, "mlango wenye kufuli la watu wengi, siku nikitaka kuingia nimpigie nani hodi?"

Lakini alinipa. Wanawe wakasaidia kuyabeba.

Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya. Mashine ilikoroga umeme ulipokuwepo, na umeme ukikosekana tulirudi kwenye miiko. Kisha shirika likamtuma mtu wa kukagua matumizi. Alikuwa mpole, na alichouliza kilikuwa halali: mafuta mnanunua kwa nani, na fakitire ziko wapi? Fakitire ni zile karatasi za mauzo zenye muhuri. Shemeji alinitazama. Nikasema tunanunua kwa mama mmoja wa Kadutu ambaye hajui kuandika, na kwamba hajawahi kutudanganya hata kibaba. Yule mtu aliandika, akasema anaelewa, lakini fedha za msaada hazilipi bila fakitire.

Kikaitwa kikao. Shemeji alisema kuna mfanyabiashara wa mjini, mwenye leseni na muhuri, anaweza kuleta mafuta hadi mlangoni. Nilisimama. Nilieleza kuhusu bidoni zilizozikwa chini ya migomba. Nilieleza kuhusu mate. Nadhani nilizungumza vibaya, maana nilirukaruka huku na huku, na wale wanawake waliotazama walikuwa hawajui nazungumzia nini. Mmoja aliuliza kama huyo rafiki yangu ni Mkongo. Nikasema ndiyo. Aliguna tu. Kwa miaka ile, mguno ule ulitosha.

Shemeji hakunifokea. Alisema, kwa upole wa mtu anayemtuliza mtoto, kwamba urafiki ni jambo jema lakini chama si urafiki. Tukapiga kura. Mjane peke yake ndiye aliyenyoosha mkono pamoja nami.

Ilibidi nimwambie mwenyewe. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine wala afike na mzigo ageuzwe mlangoni. Niliteremka darajani siku yake ya kuja, nikamngoja mahali petu, karibu na akina mama wanaouza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Alikuja na bidoni zile zile, moja kichwani, moja mgongoni. Nilimsaidia kushusha. Nilimnunulia chai. Nikamwambia.

Alinywa chai yote kwanza.

"Mafuta yangu iko mubaya?" akaniuliza.

"Hapana. Mafuta yako haina mubaya. Ni karatasi njo hakuna."

"Karatasi ya nini? Wewe unanijua."

"Mimi ninakujua. Bo habakujui."

Aliangalia mto kidogo. Pembeni askari walikuwa wakipekua mzigo wa mtu mwingine.

"Batu ba kwetu banasemaka nikuache," akasema. "Banasema Banyarwanda batakutupa siku moja. Minakatala. Minabaambia, ule ni dada yangu." Akasimama, akajifunga kitenge upya. "Sasa nikirudi, nitabaambia nini?"

Nilitaka kuyanunua yale mafuta aliyokuja nayo, kwa fedha zangu mwenyewe, kwa ajili ya heshima tu. Alikataa. Aliomba mama mmoja amsaidie kujitwika, akarudi nayo darajani, akipanda kuelekea Bukavu na mzigo ule ule aliokuja nao. Sijawahi kuona jambo linaloniuma kama mgongo ule.

Mafuta ya yule mfanyabiashara yalikuja kwa gari, na karatasi zake zilikuwa nzuri kupita kiasi. Mafuta yenyewe yalikuwa yamechanganywa. Chini ya kila pipa palikuwa na machicha na maji. Sabuni yake ilitoka jasho, ikapasuka, ikaacha mikono na malengelenge. Nilimwonyesha shemeji. Akasema labda tumekosea kupika. Nikamwonyesha tena. Akaniuliza kama nina ushahidi ulioandikwa. Wachuuzi wa Nkungu walirudisha miche ndani ya vikapu, wakaimwaga mbele ya mlango wetu, na wa Rwimbogo hawakurudi hata kulalamika. Mkaguzi wa shirika alikuja tena, akafungua mafaili, akakuta kila fakitire mahali pake, akatusifu. Katika ripoti yake tulikuwa chama cha mfano. Sabuni hakuiomba kuiona.

Baadaye nilisikia kwamba yule mfanyabiashara na shemeji walikuwa wakigawana. Huenda ni kweli. Lakini nikiwaza vizuri, hata kama shemeji angekuwa malaika, kanuni ile ingemleta mtu yule yule mlangoni kwetu. Yeye ndiye aliyekuwa na muhuri.

Niliomba kutoka kwenye chama na mapipa yangu, yaani mapipa ya mzee. Walinikumbusha kipengele nilichokipigia makofi. Nikaenda kwa konseye. Yeye akasema hili ni jambo la kifamilia, kwa kuwa rais ni shemeji yangu, twende tukakae na ukoo. Ukoo ukasema hili ni jambo la chama, lina sheria zake, twende kwa konseye. Nilikwenda na kurudi kati ya milango hiyo miwili mpaka viatu vikaisha. Kwenye desturi nilijibiwa kwa sheria, na kwenye sheria nilijibiwa kwa desturi.

Katika miaka hiyo ilitangazwa sheria mpya iliyowapa wanawake haki ya mali na urithi, na kwenye mikutano tulielezwa kwamba sasa mwanamke ni mtu kamili. Nikapata nguvu. Nilikwenda mahakama ya kantoni. Hakimu alinisikiliza kwa subira, akasoma sheria za chama mbele yangu, akaniambia sheria mpya ni nzuri sana lakini haihusu mapipa niliyoyatoa kwa hiari yangu. Aliniuliza kama mzee ana hati ya kuonyesha kwamba pipa ni lake. Mzee alikuwa nami siku ile, kofia mkononi. Alisema pipa alilinunua kabla hakimu hajazaliwa. Hakimu alitabasamu, akasema hilo si jibu.

Tulirudi kwa miguu. Mzee hakunilaumu, si siku ile wala baadaye. Njiani alizungumza juu ya bei ya chumvi.

Mume wangu alirudi kutoka Kongo akichechemea. Nilikuwa nimemngoja kama mtu anayengoja hakimu mwingine, mkubwa zaidi. Siku za kwanza sikumwambia kitu, nilimkanda mguu kwa maji ya moto na kumpikia. Alipopata nguvu nikamweleza yote, tangu konseye hadi mahakamani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwisho akasema, "Ule ni mukubwa wangu," kisha akaniomba maji ya kunywa. Alikuwa amechoka. Alikuwa ameona huko alikotoka mambo ambayo pipa si kitu mbele yake. Nilimpa maji. Lakini kuanzia siku ile kuna chumba ndani yangu ambacho hakukiingia tena, na sidhani kama aliwahi kujua kuwa kipo.

Chama kilikufa shirika lilipoondoka. Mashine ilichukuliwa, sijui na nani. Jengo likawa ghala la saruji la yule yule mfanyabiashara. Mapipa yaliachwa nje, mvua ikayatoboa. Kila nilipopita niligeuza uso upande wa ziwa.

Nilijaribu kuanza upya kwa sufuria tu, kama mama. Nilivuka daraja kwenda Kadutu. Rafiki yangu alinipokea vizuri mno. Alichinja kuku, akawaita watoto wake wanisalimie, tukazungumza juu ya ndoa za watu na juu ya waliokufa. Ilipofika zamu ya kuzungumzia mafuta, alitazama mikono yake. Alisema sasa anamuuzia mzee mmoja wa pale pale Bukavu, anayechukua yote kwa bei ya chini, na ameshampa neno lake.

"Unajua mimi," alisema, "neno nikitoa, sirudishi."

Nilikuwa najua. Kwa ajili hiyo hasa ndiyo nilikuwa nimekwenda kwake. Alinisindikiza hadi chini, akanifungia vipande vya kuku kwa ajili ya watoto, na hatukuwahi kuonana tena mara nyingi. Tulibaki wa kutumiana salamu.

Mwenye mume gerezani alihamia Butare kwa wazazi wake, akalima. Mjane alikuja kunitembelea hadi alipopata kazi ya kufagia mjini. Siku moja aliniambia alikutana na mwenzake sokoni, wakasimama wakazungumza muda mrefu. Nilimuuliza walizungumza nini. Akasema, mambo ya macho. Moshi ulikuwa umemharibu yule macho kidogo.

Mimi nikaanza kuuza sabuni za kiwandani, zile zinazofika kwenye makaratasi ya rangi, mbele ya vile vile vyumba viwili. Watu walinunua. Mara nyingine mteja wa zamani alinusa mche, akaurudisha mezani, akaniuliza ile yenu ya zamani haipo? Nikasema haipo. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, nami nilishukuru.

Nakumbuka asubuhi moja, msichana wa jirani alikuja dukani kwa mzee. Alikuwa amemaliza kujifunza ushonaji kwa wana wa mzee, hodari kweli, na alikuwa na wateja wanaomngoja. Aliomba aazimwe cherehani moja iliyokaa bila kazi pembeni, amlipe polepole kwa kumshonea sare za shule ambazo mzee angeziuza dukani. Nilikuwa nimekaa mlangoni na meza yangu. Nilijua mzee atasema nini. Angesema cherehani ni yangu, kazi ni yako.

Mzee aliitazama ile cherehani. Alikuwa amezeeka sana wakati ule, mkewe ameshafariki.

"Nenda kwa konseye," akamwambia, "akuandikie karatasi. Iwe na muhuri. Kisha uje."

Msichana alisema konseye anataka chama, na yeye hana chama, ana mikono yake tu. Mzee akasema anajua. Akarudia yale yale, bila ukali, akaanza kupanga betri zake kwenye rafu. Yule msichana alitoka, akapita mbele yangu akiangalia chini. Nilimfuata hadi barabarani nikitaka kumwambia kitu cha kumtia moyo. Nikampa mche mmoja wa sabuni, akaniambia asante Maman, akaenda zake.

Cherehani ile ilikaa pale pembeni hadi mzee alipokufa, na wanawe wakaiuza kwa mtu wa Kigali.